Kusafisha Kisichochafuka

Simu ikianza kuisha chaji kabla ya adhuhuri, mkazi wa Nakuru hupewa ushauri uleule na fundi, na jirani, na kijana wa nyumbani anayejua mambo ya simu: futa kache. Unaingia kwenye mipangilio, unagusa jina la programu, unagusa sehemu ya hifadhi, unafuta. Palipokuwa na megabaiti mia tatu panabaki sifuri, na moyo unatulia. Ushauri huu haukuzaliwa Nakuru. Umezunguka dunia nzima pamoja na simu zenyewe. Lakini katika Bonde la Ufa la kati, simu ndiyo benki, ndiyo njia ya kupata bei ya viazi vya Molo kabla lori halijafika, na ndiyo inayomwita mtu wa boda boda usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Betri ikifa hapo, vingi vinakufa nayo. Kwa hiyo ushauri unaohusu betri hauna haki ya kuaminiwa kwa mazoea. Nitajaribu kuonyesha kwamba kufuta kache, mara nyingi, hakuongezi muda wa chaji hata kidogo. Kwamba tendo hili limeenea kwa sababu lina sura ya utakaso. Na kwamba utakaso, ambao una mahali pake pa heshima katika maisha ya binadamu, ukiketishwa kwenye kiti cha sababu unaiharibu elimu na unaiharibu dini vilevile.

Tuanze na kache yenyewe. Programu inapokuonyesha picha au ukurasa, huweka nakala ndani ya simu ili isilazimike kuileta tena kutoka mtandaoni. Nakala hizo hukaa katika hifadhi ya simu, na hifadhi hiyo ni ya aina isiyohitaji umeme ili ishike kilichoandikwa. Zima simu mwezi mzima, kisha iwashe, utazikuta picha zako palepale. Kitu kisichokula umeme kikiwa kimelala hakiwezi kuimaliza betri kwa kulala kwake. Yako pia maandiko mengine ya muda yanayokaa kwenye kumbukumbu ya kazi ya simu, ile inayofutika simu ikizimwa. Hiyo hula umeme, ila hula karibu kiasi kilekile ikiwa imejaa au ikiwa tupu. Umeme unatumika kweli pale simu inapotenda kazi: kioo kinapowaka, redio ya simu inapoongea na mnara, picha zinapoletwa na kufunguliwa upya. Na hilo la mwisho ndilo linalofuata mtu akifuta kache. Kila kilichofutwa na bado kinahitajika kitaletwa tena, kwa bando ya mwenye simu na kwa chaji yake. Jambo linalofanana na hili, yaani kuzifunga programu moja moja kwa imani kwamba zinakula betri, lilijibiwa waziwazi Machi 2016 na watu wawili ambao kampuni zao hushindana karibu katika kila kitu: Craig Federighi wa Apple alipoulizwa alisema haisaidii, na Hiroshi Lockheimer, aliyesimamia Android huko Google, akaongeza kwamba inaweza hata kudhuru kidogo. Mfumo wa simu umeundwa usimamie mambo hayo wenyewe, na anayeuingilia kila saa huulazimisha uanze upya kazi iliyokwisha kufanyika.

Ikiwa ndivyo, kwa nini watu wengi wenye akili timamu huapa kwamba baada ya kufuta kache simu yao ilikaa vizuri? Hawasemi uongo. Mtu hafuti kache siku ambayo betri imedumu. Hufuta siku ilipomchosha kuliko siku zote, na siku inayoifuata siku mbaya kuliko zote, kwa kawaida, huwa afadhali, afute asifute. Tena mara nyingi anayefuta huzima simu na kuiwasha, na kule kuwasha upya ndiko kunakokata programu iliyokuwa imekwama ikizunguka bure. Na ikiwa simu ilikuwa imepokea toleo jipya la mfumo, hutumia saa nyingi, pengine siku moja au mbili, kupanga programu zake upya kimyakimya, kisha hutulia. Aliyefuta kache siku ya pili huivalisha kache sifa ya utulivu uliokuwa njiani tayari. Kosa hili ni la kale. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto: jicho linaona kwamba pamba iliungua ilipokutana na moto, haliioni ile nguvu inayodaiwa kutoka motoni kwenda kwenye pamba. Kwake hoja hiyo ilikuwa ya kumtukuza Mungu, mtendaji wa kweli nyuma ya mazoea ya dunia. David Hume, Mskoti wa karne ya 18 asiye na nia hiyo, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu al-Ghazali kwamba anayekana sababu anaikana na akili yenyewe. Mimi niko upande wa Ibn Rushd katika ugomvi huo, lakini kwa hoja yetu hakuna haja ya kuumaliza, kwa kuwa wote watatu wanakutana mahali pamoja: jambo kufuatana na jambo si ushahidi kwamba la kwanza limelizaa la pili. Mwenye kuamini sababu anapaswa kuzitafuta, na asiyeamini hana cha kujivunia katika kufuta kwake.

Na sababu zipo, tena katika Bonde hili zinaonekana kwa macho. Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Molo iko juu zaidi, karibu mita 2,500. Ukishuka kaskazini kupitia Mogotio hadi Marigat unafika karibu na mita 1,000. Ndani ya safari ya saa chache betri ya lithiamu hukutana na maadui zake wawili. Baridi ya alfajiri ya Molo au Mau Summit hupunguza mwendo wa kemia ndani yake, asilimia zikashuka haraka na pengine simu ikazimika ikiwa bado na chaji, kisha ikipata joto la mwili mfukoni hurudi kidogo. Joto la mchana la Marigat halimalizi chaji tu. Linaizeesha betri yenyewe, na uzee huo haurudi nyuma. Betri nyingi za simu hutengenezwa zibaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kati ya 500 na 1,000 ya kujaa na kuisha, na joto huufupisha umri huo. Kisha iko minara. Bonde lina kuta: Mau upande wa magharibi, Nyandarua upande wa mashariki, na katikati mabega ya vilima na kreta ya Menengai. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyofichwa na mgongo wa mlima, hupaza nguvu ya redio yake ili isikike, na ikikosa mtandao kabisa hutafuta bila kuchoka. Mkulima wa Kuresoi ambaye simu yake haifiki jioni huenda hana tatizo lolote ila ukingo wa mlima ulio kati yake na mnara. Angewasha hali ya ndege saa zile asizohitaji kupigiwa angeokoa chaji kuliko kufuta kache za mwaka mzima. Inaniuma, nakiri, kwamba eneo hilihili ndilo lenye Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu mwaka 1981 na kulisha sehemu kubwa ya nchi, na bado wapo watu wa Bonde wanaobeba simu hadi dukani kulipia chaji. Kwa mtu huyo kila asilimia ina bei, na ushauri usio wa kweli unamtoza zaidi ya unavyomtoza mwenye soketi kitandani.

Kuhusu utakaso sasa. Jamii zote zilizokaa katika Bonde hili zimejua kwamba mtu anaweza kulemewa na kitu kisichoonekana na akahitaji kuondolewa. Agikuyu waliiita hali hiyo thahu, na katika sherehe ya kuiondoa mganga alikuwa akiyataja maovu huku mtu akiyatema. Mwislamu hutawadha kabla ya sala. Mkristo hubatizwa. Ukizitazama kwa makini ibada hizi utaona kwamba zenyewe huweka mpaka juu ya kile zinachodai. Anayekosa maji huruhusiwa kutayamamu kwa udongo safi. Na udongo hauoshi uso, kwa hiyo ni wazi kwamba lengo halikuwa kuondoa vumbi. Waraka wa kwanza wa Petro unasema bila kuficha kwamba ubatizo si kuondoa uchafu wa mwili, unahusu dhamiri mbele ya Mungu. Katika thahu kulikuwa na kutaja: ovu lilitamkwa kabla ya kutemwa. Ibada zinajua kwamba ni ishara, ahadi, au maungamo, na zinamdai mtu kitu, iwe ni nia au ukweli. Kufuta kache kumechukua umbo lao lote la nje, yaani uzito, kidole, namba inayorudi sifuri na moyo mwepesi, na kumeacha nje kile kilichozipa maana. Mtu anafuta asichokijua. Hatamki kinachomla. Wala hadai kwamba amefanya ishara. Anadai kwamba amefanya matengenezo.

Kitabu cha mwanaanthropolojia Evans-Pritchard kuhusu Waazande, cha mwaka 1937, kina mfano ambao umesomwa na wengi na kueleweka na wachache. Ghala la nafaka lilipoanguka juu ya watu waliokaa kivulini chini yake, Waazande walisema uchawi umewadhuru. Wasomaji wengi walicheka wakaishia hapo. Lakini Waazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo, na kwamba watu walikuwa pale kwa sababu ya jua kali. Walichokiuliza ni swali jingine: kwa nini ghala hili, juu ya watu hawa, saa ile? Unaweza kulikataa jibu lao, nami silikubali, lakini huwezi kusema kwamba walichanganya maswali mawili. Mchwa walibaki mchwa. Sisi tunaofuta kache tumekuwa wazembe kuliko wao, kwa maana hatuna swali la pili la kututetea. Tuna swali la mchwa peke yake, nalo tumelijibu kwa tambiko.

Hapo atasimama mtu aseme kwamba nakuza jambo dogo. Hata kama ushauri si wa kweli, atasema, unadhuru nani? William Clifford aliandika mwaka 1877 kwamba ni kosa siku zote, kwa mtu yeyote, kuamini jambo kwa ushahidi usiotosha, na William James akamjibu mwaka 1896 kwamba zipo hali ambazo mtu ana haki ya kuamini kabla ya ushahidi kukamilika. Nadhani James ana haki katika alichokikusudia: uchaguzi mzito, usioepukika, ambao ushahidi hauwezi kuuamua, kama imani kwa Mungu. Lakini betri si uchaguzi wa aina hiyo. Ushahidi upo, tena uko ndani ya simu ileile, kwenye ukurasa wa matumizi ya betri unaoorodhesha programu zilizokula na kiasi zilichokula. Anayeamini bila kuufungua ukurasa huo hajafanya tendo la imani. Amekataa tu kutazama. Na madhara yapo. Yapo kwenye bando inayotumika kuleta tena kilichofutwa. Yapo pale kidole kinapokosea, badala ya kufuta kache kikafuta data yote ya programu, na mtu akapoteza alichokuwa amekihifadhi humo. Yapo katika programu za kusafisha simu, nyingi zikiwa za bure na zimejaa matangazo, zinazokesha nyuma ya kioo zikila chaji zilizoahidi kuiokoa. Zaidi ya hayo, aliyeridhika ameacha kutafuta, na betri iliyochoka itabaki ndani ya simu hadi siku itakapozimika mtu akiwa katikati ya kutuma pesa.

Tabia ya kuridhika hivyo haikai kwenye simu tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, Wakenya wengi wakiwemo, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Sitaki kumdhihaki mtu aliyesafiri na mgonjwa wake siku nyingi barabarani kwa matumaini. Maumivu yake yalikuwa ya kweli. Walakini iliripotiwa kwamba wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi baada ya kunywa, na waliorudi wakisema wamepata nafuu walikuwa wanasema jambo walilolisikia miilini mwao. Nafuu ile na nafuu ya kache hazilingani kwa uzito, na atakayenilaumu kwa kuzitaja pamoja ana neno. Zinalingana kwa muundo: tendo moja lililo rahisi, lenye heshima, likifuatiwa na siku iliyo afadhali, kisha hukumu. Mtu hujifunza kupima madai makubwa kwa madai madogo anayoyapima kila siku, na simu ndiyo kitu tunachokishika kila siku kuliko vyote.

Atasimama wa pili aseme kwamba maneno haya ni dharau ya msomi kwa watu wa kawaida, au dharau ya mtu aliyetekwa na fikra za kigeni. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa dharau hiyo ipo na imeandikwa vitabu vingi. Mwaka 1967 Robin Horton alilinganisha fikra za jadi za Afrika na sayansi ya Magharibi, akaonyesha jinsi imani inavyojilinda pale inaposhindwa: tambiko halikosi, ila lilifanywa vibaya. Kwasi Wiredu wa Ghana alijibu kwamba mizani yenyewe imepinda. Fikra za jadi za Mwafrika zilipaswa kulinganishwa na fikra za jadi za Mzungu, kwa maana kila watu wanazo. Imani ya kache inathibitisha neno la Wiredu kwa namna ambayo yeye asingeweza kuiona wakati ule. Ni imani ya jadi iliyozaliwa katika zama za kompyuta, inayosimuliwa London kama inavyosimuliwa Nakuru, na inajilinda kwa njia ileile aliyoieleza Horton: hukufuta zote, ulifuta ukasahau kuzima, inabidi ufute kila siku. Hakuna kabila lake. Kumwambia mtu wa Molo kwamba ushauri huu si wa kweli ni kumpa heshima ileile anayopewa mtu wa London akiambiwa hivyo.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote ni ya tatu: watu hawana muda wa kuchunguza kila kitu, na kumwamini fundi ni busara. Ni kweli. Anayetaka kuthibitisha mwenyewe kila neno la daktari, la mkunga na la fundi atakufa kabla hajamaliza. Imani kwa wenye ujuzi si udhaifu wa akili. Jamii haiwezi kusimama bila hiyo. Lakini Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, alituachia tofauti inayofaa hapa. Alipozunguka vijijini akizungumza na wazee wanaosifiwa kwa hekima, aliwagawa: wapo wanaoyajua mapokeo ya watu wao na kuyasimulia barabara, na wapo wanaoyajua na kuyahoji, wakasema lipi lina msingi na lipi halina. Wote wawili ni watu wenye hekima machoni pa jirani zao, na wote wawili walikuwa wazee wa vijijini, wengi wao bila shule kubwa. Kwa hiyo tofauti haikuwa ya cheti. Kwa mafundi wetu ni vivyo hivyo. Kumwamini fundi hakumalizi wajibu wa fundi. Imani anayopewa ni amana, na aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuirudishia watu minong'ono yao wenyewe ikiwa imevaa koti la ufundi. Wajibu wa kuchunguza ambao mwenye simu ameutua begani mwake haukupotea. Umehamia begani mwa fundi.

Ipo hali ambayo kufuta kache husaidia kweli. Nakala zilizohifadhiwa zinaweza kuharibika, programu ikawa inajaribu kuzisoma, inashindwa, inajaribu tena, na betri inakwisha katika kujaribu huko. Kufuta kache ya programu hiyo moja huvunja duara. Hifadhi ikijaa pomoni simu hulemewa pia, na nafasi kidogo humpa mtu nafuu. Anayefuta kwa sababu hizi amekwisha kutaja kinachomla: amefungua ukurasa wa betri, ameona jina, amelishuku, amefuta, kisha amerudi kesho yake kutazama kama jina limeshuka katika orodha. Akikuta halijashuka, yuko tayari kusema alikosea na kuendelea kutafuta. Fundi wa namna hii, mteja akilalamika juu ya chaji, ataanza kwa maswali kabla ya kugusa kioo: simu hii ina miaka mingapi, unalala wapi, huko kwenu mtandao unashika ndani ya nyumba au mpaka utoke nje, mchana unaiacha juani kwenye pikipiki au iko mfukoni? Na huenda akamwambia mtu wa Marigat kwamba betri imezeeka na lazima inunuliwe nyingine, habari isiyopendeza na isiyolingana kwa raha na kuona namba ikirudi sifuri, lakini ndiyo habari aliyolipia.